Riwaya Isiyosadikika na Utamu Wake: Tahakiki ya Les Trois Mousquetaires

Mwanafunzi wa fasihi anapopewa riwaya aihakiki, aghalabu huwa na masanduku mawili tayari: moja la fani, jingine la maudhui. Wahusika, mandhari na lugha huingia katika la kwanza. Ujumbe, mafunzo na falsafa katika la pili. Kuna vitabu ambavyo masanduku hayo huvitosha barabara. Kuna vingine ambavyo, vikishapangwa humo, hubaki kitu nje ambacho hakina mahali pa kuwekwa, nacho ndicho kilichomfanya msomaji akeshe. Les Trois Mousquetaires, riwaya ya Alexandre Dumas iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Le Siècle kuanzia Machi hadi Julai 1844, ni ya kundi hili la pili. Ujumbe wake ni mdogo na ukweli wake wa kihistoria ni haba. Hata hivyo ni vigumu kumpata mtu aliyeianza asiimalize.

Kisa chenyewe ni cha mapenzi na upanga. Mwezi Aprili 1625 kijana d'Artagnan, mwenye umri wa miaka kumi na minane, anatoka kwao Gascogne juu ya farasi wa manjano anayechekwa na kila amwonaye, ili akatafute nafasi katika kikosi cha askari wa mfalme mjini Paris. Katika asubuhi moja anapatana kupigana na watu watatu, Athos, Porthos na Aramis, na kabla ya adhuhuri kwisha wamekuwa rafiki zake wa kufa na kuzikana. Anampenda Constance, mke wa mwenye nyumba wake. Malkia Anne d'Autriche naye amempa Buckingham, waziri wa Uingereza, vishikizo kumi na viwili vya almasi ambavyo mfalme alimzawadia, na Kardinali Richelieu anataka kuitumia zawadi hiyo kumfedhehesha. Kwa ajili ya Constance, d'Artagnan anavuka bahari kwenda kuvirudisha. Buckingham anakuta viwili vimeibwa. Anazifunga bandari zote za Uingereza na kumwamuru sonara atengeneze vingine mfano wake kwa muda wa siku mbili. D'Artagnan anarudi Paris kwa farasi, zaidi ya kilomita mia mbili katika saa kumi na mbili, na malkia anaingia katika dansa vishikizo vyote vikiwa begani.

Hapana haja ya kuwa mwanahistoria ili kutikisa kichwa. Lakini mwanahistoria ana mengi ya kuongeza. D'Artagnan wa kweli, Charles de Batz de Castelmore, alizaliwa kati ya mwaka 1611 na 1615, kwa hiyo mwaka 1625 alikuwa bado mtoto. Tréville, ambaye riwayani anawaongoza askari hao, alipewa cheo hicho mwaka 1634. Kosa lililo maarufu zaidi ni la jina la njia. Aramis anakaa karibu na rue Servandoni. Lakini Servandoni, msanifu majengo aliyeupa mtaa huo jina, alizaliwa mwaka 1695, na mtaa wenyewe uliitwa hivyo mwaka 1806. Umberto Eco, katika mihadhara aliyoitoa Harvard na kuichapisha mwaka 1994, alionyesha jambo la kuchekesha zaidi: mwaka 1625 mtaa huo uliitwa rue des Fossoyeurs, na ndiko Dumas alikompangisha d'Artagnan chumba. Marafiki hao wawili, kwa hesabu ya ramani, wanatembeleana kutoka njia moja hadi njia iyo hiyo.

Je, makosa hayo yanadhuru nini? Hili ndilo swali la mhakiki, wala si kule kuyahesabu tu. Msomaji asiyeyajua hafichwi lolote lililo la lazima kwake, na ayajuaye huongezewa sababu ya kutabasamu. Aidha, msomaji wa Kiswahili ana mazoea ya zamani ya kusoma hivyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vikuu baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, ilhali katika msafara wa Tabuk wa mwaka 630 majeshi hayo mawili hayakupambana. Hakuna aliyeuweka kando utendi huo kwa sababu hiyo. Tanzu ni tofauti, na nia ya mshairi wa dini si nia ya mwandishi wa gazeti. Ila wote wawili walichukua kutoka katika historia jina na vumbi la farasi, wakaacha mengine. Hadithi hupimwa kwa ahadi iliyotoa, nayo riwaya ya Dumas, tangu farasi wake wa manjano, haikuahidi kumbukumbu za nchi.

Ilichoahidi ni mwendo. Riwaya ya mfululizo ilimlazimu mwandishi kumfanya msomaji anunue gazeti la kesho, nao waandishi wa namna hiyo walilipwa kwa mstari. Kutokana na sharti hilo la kibiashara lilizaliwa jambo la kisanaa: majibizano mafupi, neno kwa neno, kama watu warushianao mpira. Katika sura sitini na saba ni nadra kukuta maelezo marefu ya mandhari. Mtu hujulikana kwa namna anavyojibu. Athos husema machache kwa sababu ana siri. Porthos husema mengi kwa sababu hana. Kichekesho na mapenzi vinakwenda pamoja, kwani wapendanao hawa hawana wakati wa kulia. Sanduku la fani lingeandika hapo "matumizi ya dayalojia" na kufunga kifuniko. Lakini utamu wenyewe u katika kasi hiyo, na mhakiki asiyeutaja hajakieleza kitabu.

Kuna namna nyingine ya kuhesabu kasoro ambayo haina heshima. Mwaka 1845 Eugène de Mirecourt alitoa kijitabu cha kumshtaki Dumas kwamba anaendesha kiwanda cha riwaya. Shutuma ilikuwa na msingi: Auguste Maquet alishiriki sana katika kazi hii, na baadaye akadai haki yake mahakamani. Lakini Mirecourt hakuishia hapo. Aliitukana damu ya Kiafrika ya Dumas, ambaye nyanyake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa huko Saint-Domingue. Dumas alimshtaki, na Mirecourt akafungwa siku kumi na tano. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila mara tahakiki inapoacha maandishi na kumgeukia mtu.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila, na zipo ila ambazo kicheko hakizifuniki. Watumishi wa mashujaa hawa hupigwa, na riwaya inataka msomaji acheke: Grimaud amekatazwa kusema na bwana wake Athos, na Planchet anachapwa kwa kudai haki yake. Katika nchi ambako neno "boyi" liliitwa watu wazima wenye watoto, kicheko hicho hukwama kooni. Zito zaidi ni jambo la Milady. D'Artagnan anaingia kitandani kwake gizani kwa jina la mwanamume mwingine, baada ya kumtumia kijakazi wake Ketty kama ngazi. Kweli, Milady ni mwovu na ndiye anayemuua Constance kwa sumu. Lakini mwishoni wanaume kumi, watumishi wakiwemo, wanamhukumu usiku bila hakimu wala mtetezi na kumkabidhi kwa mkata vichwa. Hapo kasi ile ile iliyokuwa utamu inakuwa kasoro, kwa kuwa haimpi msomaji nafasi ya kuuliza.

Tofauti baina ya kasoro hizi mbili ni kubwa. Kosa la tarehe ni la kalamu. Hili la pili ni la utu. Inaelekea Dumas mwenyewe alilihisi, kwani katika Vingt ans après ya mwaka 1845 anamleta Mordaunt, mwana wa Milady, kuja kudai damu ya mamake, na Athos anakiri kwamba usiku ule haujamtoka moyoni. Riwaya ya kwanza ilicheka. Ya pili ililipa deni.

Kwa hiyo mwalimu asiogope kuiweka Les Trois Mousquetaires mbele ya wanafunzi, wala asiombe radhi kwa kuipenda. Awaachie kwanza waisome mbio kama ilivyokusudiwa, wacheke, wamwonee huruma Constance. Kisha awarudishe katika sura ya hukumu ya Milady, waisome polepole. Mwanafunzi atakayeweza kusema kitabu kilimfurahisha wapi na kilimchukiza wapi, na kutoa sababu kutoka katika maandishi yenyewe, atakuwa amefanya kazi ambayo orodha za fani na maudhui hazijamfundisha.