Bonasi kwa Bonasi, Si Bonasi kwa Kaunti

Bonasi ya majani chai ikitangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet huuliza kwanza: wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a wamelipwa ngapi kwa kilo? Mtoto wa kidato cha nne aliyekulia katika mjadala huo huandika: "The bonus paid in Kericho is lower than Kirinyaga." Nyumbani hakuna atakayeona kasoro. Mtahini ataiona papo hapo, maana sentensi imepima pesa kwa kaunti.

Mimi huanza hapo kabla ya kutazama lingine lolote. Weka kidole kwenye "than" na uulize kushoto kuna nini na kulia kuna nini. Vikiwa vya aina moja, endelea kusoma. Visipokuwa, hata msamiati mtamu hauiokoi sentensi. Mwonjaji wa chai hupanga vikombe vyenye uzito uleule wa majani na muda uleule wa kukaa kwenye maji moto. Hapimi kikombe kwa kiwanda. Sentensi iliyopona husema "lower than that paid in Kirinyaga." Kwenye wingi: "The leaves plucked in Bomet are as fine as those plucked in Kericho." Na jambo hili mwanafunzi wetu analo tayari, kwa sababu akisema bonasi ya Kericho ni ndogo kuliko ya Kirinyaga, ile "ya" ya pili haisahau kamwe. "That" na "those" ndizo zinazoibeba kazi hiyo kwenye Kiingereza.

Kwingine Kiswahili humponza. Tunasema baridi kuliko, refu kuliko, na kivumishi hakiguswi. Ndiyo maana tunasahihisha "Kericho is cold than Mombasa" mwaka nenda mwaka rudi. Anayeogopa kosa hilo huzidisha na kuandika "more colder." "Colder" inatosha. "Prefer" na "superior" hazitaki "than" kabisa, zinataka "to."

Kipimo ninachokithamini zaidi ni hiki: "Mount Kenya is higher than any mountain in Kenya." Mlima huo umo Kenya, kwa hiyo sentensi inadai kwamba unajipita wenyewe. Lazima iwe "any other mountain." Badilisha nchi, uandike "any mountain in Uganda," na "other" haihitajiki tena: Mlima Kenya una mita 5,199, kilele cha Margherita kwenye Rwenzori kina 5,109, na wa kwanza hauko Uganda. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo ameiva.

Ipo pia sentensi yenye maana mbili. "My aunt trusts the clerk more than the driver." Je, dereva ndiye anayeaminiwa kidogo, au ndiye asiyemwamini sana karani wa kituo cha kununulia majani? Ongeza "does" mwishoni, au "she trusts" kabla ya "the driver," na utata umekwisha.

Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, sarufi ina alama 15 kati ya 80, na mtahiniwa hutakiwa kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo. Walimu wa Litein, Mogogosiek na kwingineko, kabla ya mwanafunzi kusahihisha chochote, mwambieni apigie mstari vitu viwili vinavyolinganishwa.