Zamu Isiyoandikwa

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na idadi ya waliokufa hatimaye ilizidi 100. Wengi tunakumbuka moto na mazishi. Tunasahau kwamba majeruhi walipofikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na sehemu kubwa iliwaangukia wauguzi. Aliyeungua hupoteza maji mengi mwilini, hivyo dripu yake haiachwi ijiendee. Muuguzi hupima mkojo kila saa na kuandika kwenye chati, maana kiasi hicho ndicho kinachoonyesha kama maji yanatosha. Bandeji iliyogandia kidonda haivutwi: huloweshwa kwa maji ya chumvi, ikabanduliwa kidogo kidogo, huku mgonjwa akisemeshwa.

Atasema mtu: si ndiyo kazi yake, na mshahara anapokea? Ni kweli, na heshima isitumiwe kamwe kufidia malipo duni. Lakini mshahara hulipia saa za zamu. Anayetoka zamu ya usiku akapanda daladala kwenda nyumbani Kihonda huwa na zamu nyingine mbele yake: chai ya watoto, sare za shule, mama mkwe wa kuogeshwa. Hajajinyoosha, jirani anabisha hodi, mtoto ana homa. Siku muuguzi huyo akifariki, wasifu utataja mwaka wa kuajiriwa na wa kustaafu. Wanaoweza kuzitaja homa hizo ni majirani, nao wapewe nafasi ya kusema msibani.