Usukani au Kana?

Mfasiri aandikapo “peleka usukani kulia” katika maelezo ya mashine ya boti ya uvuvi, twamuuliza: usukani upi? Katika mashua, usukani ni ubao ulio majini. Mti aushikao nahodha ni kana. Gari limekwisha kulihamishia neno hilo kwenye gurudumu, nasi barabarani hatuna ugomvi nalo. Lakini kana ikisukumwa kulia, chombo huenda kushoto. Gurudumu likizungushwa kulia, chombo huenda kulia. Mvuvi wa Kilwa Kivinje anayechagua baina ya mashine ya mkono na ya gurudumu hana budi kuelezwa hayo kabla hajalipa. Miambani karibu na Songo Mnara, agizo lenye utata laweza kumvunjia mkuku. Twapendekeza mkono huo uitwe kana, ingawa mashine ya tezini haina ubao: hugeuka yenyewe nzima.