Mtu Mzima na Kitabu cha Kijana

Pana swali ambalo wenzangu wameniuliza mara nyingi, wengine kwa mzaha na wengine kwa masikitiko: mtu aliyekwenda ng'ambo akasoma miaka mingi hata akapata shahada ya udaktari, kisha akarudi kufundisha isimu, huona raha gani kusoma hadithi zilizotungwa kwa ajili ya vijana? Siku moja mwalimu mwenzangu alikikuta kitabu cha namna hiyo mezani kwangu, katikati ya kamusi na majarida, akadhani kimesahauliwa na mwanangu. Nami kwa haya sikumsahihisha. Haya hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, maana nimeona ya kuwa si yangu peke yangu. Imo pia katika uhakiki wetu wa Kiswahili, nayo yaudhuru.

Kwanza yafaa tuyatazame maneno yenyewe. Lugha yetu humwita mtu aliyekomaa mtu mzima, yaani aliye kamili, asiyepungukiwa na kitu; na mzima huyo huyo ni asiye mgonjwa wala hana ufa. Kijana naye hubeba kiambishi ki-, ingawa twasema kijana huyu anakuja wala hatusemi kijana hiki kinakuja. Mpaka baina ya wawili hao haukuchorwa kwa wino. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na kwa hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari na baba wa watoto watatu huweza kuketi katika jamvi moja. Basi hapa ninaposema kitabu cha kijana nakusudia hadithi ambayo mhusika wake mkuu yumo katika kutoka utotoni, na ambayo yamtazamia msomaji wa umri huo.

Sababu ambazo hutolewa kuieleza raha ya watu wazima ni tatu. Ya kwanza ni kwamba mtu huchoka kwa kazi na masumbuko ya nyumba, akatafuta hadithi nyepesi ya kumpumzisha. Ya pili ni kwamba huzikumbuka siku zake zilizopita. Ya tatu ni kwamba lugha ya vitabu hivyo ni rahisi. Sikatai kuwa kila moja ina chembe ya kweli, lakini hata zikijumlishwa hazitoshi. Mwenye kutaka kupumzika aweza kucheza bao. Tena wako wengi ambao ujana wao ulikuwa wa taabu, wala hawatamani kuurudia, na bado huzisoma hadithi za ujana kwa hamu. Ama wepesi wa lugha, asomaye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952 na kusomwa sana mashuleni, atatambua upesi kwamba Kiswahili chake chamtaka mtu akae kitako.

Naona sababu iliyo kubwa imo katika namna hadithi hizi zinavyosimuliwa. Zilizo nzuri miongoni mwao zina umri mbili ndani yake: yumo kijana atendaye, na yumo mtu mzima asimuliaye. Kiambishi -ka- humchukua kijana kutoka tendo hadi tendo pasipo kugeuka nyuma: akaondoka, akafika, akaona. Lakini msimulizi akisema "nilikuwa sijajua", mara wakati wafunguka, na nyuma ya asiyejua twamwona amesimama yule ajuaye sasa. Tazama tofauti ya sikujua na sijajua. Neno la kwanza hufunga mlango. La pili huuacha wazi, kwa kuwa -ja- hukana jambo na papo hapo hulitarajia. Ujana wote ni wakati wa -ja-: hajaoa, hajafika, hajajua. Msomaji kijana huyasoma hayo kama habari zake. Msomaji mtu mzima huyasikia kwa masikio mawili, naye hugundua, pengine kwa kushtuka, kwamba juu ya kuitwa mzima, yako mengi ambayo yeye naye hajayafikia.

Mfano tunao katika vitabu vilivyokuwa miongoni mwa vya kwanza kutafsiriwa kwa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zote mbili zikiwa zimetafsiriwa na Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, Kamati iliyozaa uchunguzi wa Kiswahili wa leo. Katika Kiingereza vitabu hivyo vilitungwa kwa ajili ya wavulana. Huku kwetu viliingia mikononi mwa walimu, makarani na wote waliojua kusoma, maana vitabu vya hadithi vilikuwa vichache na hapakuwa na rafu mbili. Basi msomaji wa nathari ya Kiswahili Sanifu tangu mwanzo alikuwa mtu mzima aliyeshika kitabu cha kijana, wala hakuona haya.

Asili ya kitabu cha kwanza yafaa kukumbukwa. Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, katika Uskoti, mwaka 1881, pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, mvulana wa miaka 13. Ramani ya kisiwa cha kubuni ikachorwa kwa mchezo, na kutokana na ramani hiyo ikatoka hadithi. Baba yake Stevenson, mhandisi wa minara ya taa aliyekwisha kupita miaka 60, alipoisikia naye akaingia mchezoni, akaorodhesha vitu vilivyokuwamo katika sanduku la baharia aliyekufa. Hapo palikuwa na mvulana, mtu mzima, na mzee, kazi yao moja. Kisha Rider Haggard alibishana na ndugu yake kwamba yeye naye aweza kutunga kitu kama hicho, na mwaka 1885 akatoa Mashimo, ambayo katika tabaruku yake aliwatolea wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Kitabu hicho chamtazama Mwafrika kwa jicho la mtawala, na mhakiki wa leo hana budi kusema hivyo waziwazi. Lakini kuhusu jambo tulijadililo, tabaruku ile ilijua ukweli ambao wahakiki wengi bado hawajaukiri.

Sasa na tuulize: mtu mzima aliyemo ndani ya vitabu hivi ni wa namna gani? Jim wa Stevenson aandika baada ya safari, na mwishoni haringi kwa hazina. Akiri kwamba hakuna kitakachomrudisha kisiwani, na kwamba katika ndoto zake mbaya bado husikia mawimbi na sauti ya kasuku. Quatermain, msimulizi wa Haggard, aandika ili kumburudisha mwanawe aliye mwanafunzi wa udaktari London, naye akiri kuwa ni mtu mwoga. Adili wa Shaaban Robert ni liwali, mwenye cheo na heshima. Lakini hadithi ya ujana wake na nduguze yatoka kinywani mwake pale tu mfalme Rai anapomtaka aeleze kwa nini kila usiku huwapiga nyani wawili. Tena mfalme asikilizaye ni mtu mzima. Na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, yasimuliwa na kijana wa Tanga aliyefiwa na mama akaenda Kenya kumtafuta baba. Hapo pia msimulizi autazama nyuma upweke wake pasipo kuuficha. Wote hawa wana la kuungama, nami naona hapo ndipo penye siri. Mtu mzima hupenda hadithi ya kijana kwa sababu ndani yake hupewa ruhusa ambayo maisha humnyima, ruhusa ya kusema "nilikuwa sijajua" bila ya kuvunjiwa heshima. Na mwandikaji aliye mtu mzima huipata ruhusa hiyo kwanza.

Atasema mtu: je, Rosa Mistika? Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, haina Rosa mzee wa kutusimulia, kwa kuwa Rosa ajiua kabla ya kuufikia utu uzima. Lakini msimamo wangu hautikisiki, bali wapata nguvu. Mtu mzima aliyemo humo ni Zakaria, baba mlevi ampigaye binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, naye haungami. Kiti cha mwenye kuungama kimeachwa kitupu, na msomaji aliye mzazi ajikuta amekikalia. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, ikawa kitabu kihusucho vijana ambacho vijana walizuiwa na wakubwa wakakisoma. Hatimaye ikaingia madarasani. Kwa kawaida husemwa kwamba iliwatisha wakubwa kwa ajili ya mambo ya mapenzi. Mimi nadhani iliwatisha zaidi kwa ajili ya kile kiti.

Haya yote si maneno ya kujifurahisha. Katika nchi zetu mchapishaji huutazama mtaala kabla ya kuutazama mswada, kwa kuwa shule ndiyo mnunuzi mkubwa. Kitabu cha kijana hununuliwa ili kijibiwe katika mtihani, na pembeni yake hutolewa mwongozo wa dhamira na wahusika. Hatari yake ni kwamba mwandikaji hujifunza kumweka kitabuni mtu mzima ajuaye kila kitu asiyeungama chochote: mwalimu mwema, babu mwenye hekima, mzazi asiyekosea. Kijana humjua mtu huyo kuwa wa uongo, maana hajapata kumwona nyumbani. Akimaliza mtihani hukitupa kitabu, wala hakirudii akiwa na miaka 40. Siku Njema nayo ilipita madarasani, lakini Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020, watu wazima walioisoma shuleni waliikumbuka kama mtu akumbukavyo rafiki. Tofauti hiyo yastahili kuchunguzwa na wahakiki, nasi hatuwezi kuichunguza ikiwa tunaona haya kukutwa na vitabu hivyo mezani.

Nashauri basi kwamba tunapokipima kitabu cha kijana tusiulize kwanza kama chafundisha adili gani, bali tuulize: mtu mzima aliyemo ndani yake ana la kuungama? Akiwa nalo, kijana atamwamini, na sisi tulio nje ya kitabu tutajiona humo. Wenye maoni mengine nawaomba wayalete katika kurasa hizi. Ama yule mwenzangu, nimekwisha kumwambia kwamba kitabu kile ni changu. Alicheka, kisha akaniuliza kama naweza kumwazima.