Vidole Vitano Si Hoja

Jirani yangu wa Shangani, hapa Mtwara mjini, alinijia na tenga la kuku watatu wa Silkie: jogoo mmoja na mitetea wawili, manyoya kama pamba, ngozi nyeusi. Alitaka kuwapeleka kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Ngongo kule Lindi, na aliyemuuzia alimhakikishia kuwa ni mbegu safi. "Hesabu mwenyewe, Mwalimu. Vitano kila mguu." Nikahesabu. Kweli, vitano. Nikamwomba beseni la maji na mswaki mkuukuu.

Kuku wa kawaida ana vidole vinne, vitatu mbele na kimoja nyuma. Silkie ana cha tano, kama Dorking wa Uingereza na Houdan wa Ufaransa. Kwa Silkie kinatokana na herufi moja iliyobadilika kwenye kipande cha DNA kinachoongoza jeni ya SHH wakati mguu unaumbwa ndani ya yai. Tabia hii hutawala: kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja tu, mara nyingi inajitokeza. Manyoya ya hariri ni kinyume chake, lazima yatoke kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo ukimpandisha jogoo wa Silkie kwa mtetea wa kienyeji wa Mikindani, utapata vifaranga wengi wa vidole vitano wenye manyoya ya kawaida. Wapandishe hao wenyewe kwa wenyewe, baadhi ya wajukuu watarudi na hariri na vidole vyao vitano, na sokoni wataitwa safi. Hesabu peke yake haimfichui chotara.

Kinachopimwa ni mpangilio. Nilimlaza jogoo chali pajani, nikamsugua matope. Kidole cha nne kinatakiwa kilale chini kama kidole cha nyuma cha kuku yeyote. Cha tano kianzie juu yake, kiachane nacho waziwazi, kisha kipinde kuelekea juu bila kugusa ardhi. Mguu wa kulia ulikuwa hivyo hasa. Wa kushoto, vidole viwili vya nyuma vilishikana hadi karibu na kucha, kama ndizi pacha.

Baada ya vidole, manyoya. Yanapaswa kushuka upande wa nje wa mguu mpaka kidole cha nje na cha kati. Mtetea wa kwanza alikuwa na upara kwenye kidole cha kati. Hapo mwamuzi asiharakishe, kwa kuwa manyoya ya miguuni hukatika kwenye banda lenye tope, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili hazina huruma. Nilipapasa nikitafuta vishina vya manyoya yaliyovunjika. Hapakuwa na hata kimoja, alizaliwa hivyo.

Mtetea wa pili ndiye aliyemtia jirani aibu. Magamba yalikuwa yameinuka, yamejaa ukoko mweupe kama chokaa: utitiri unaochimba chini ya magamba, na manyoya ya miguuni huuficha vizuri. Lakini chini ya ukoko rangi ilikuwa ya risasi, kama inavyotakiwa, na vidole vyote vilikaa mahali pake, miguu yote miwili.

Nikampa huyo nafasi ya kwanza. Jirani alidhani natania. Nikamweleza kuwa ukoko unaondoka kwa kulainishwa na mafuta ya mgando kila baada ya siku chache, banda likipuliziwa dawa na maranda yakiwa makavu. Kwenye maonyesho asiende mpaka apone, asije akaambukiza wengine. Vidole vilivyoshikana havina dawa, na jogoo mmoja anaweza kuvigawa kwa vifaranga wa mitetea wote atakaowapanda.

Jogoo akatengwa, akabaki pambo la uani. Wiki mbili baadaye tulikwenda pamoja kutafuta mwingine. Muuzaji akaanza kusifia kilemba na manyoya. Jirani yangu alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya kuku, anatazama mguu wa kushoto.