Kucheka Nasi, Kutucheka

Mwaka jana niliuza mizaha. Jamaa mmoja anayetengeneza video fupi za vichekesho alikuwa akinilipa kwa kila ukurasa, na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, sikuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Alitaka mchongoano. Nikamwandikia wa Mturkana aliyeona sahani imejaa chakula, akaisalimia kwa mkono akidhani ni mgeni. Mimi mwenyewe ni Mturkana. Nilijiambia hiyo ni leseni tosha.

Video ikanifuata nyumbani. Nilikuwa Kalemng'orok, ndani ya hoteli moja kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, vijana wa boda wakaicheza kwa simu. Wakacheka. Mama aliyekuwa akimimina chai akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa karibu: "Kijana wangu, huyo anatucheka?"

Sikumjibu. Lakini swali lake lilikuwa limeshamaliza kesi. Kucheka na mtu ni jambo moja. Kumcheka ni jingine. Ukiitoa hiyo "na" ndogo, mwenzako anageuka shabaha. Kutaniana nako kunahitaji watu wawili, na ndiyo maana mtani ni mtu unayeweza kumtambulisha: huyu ni mtani wangu. Sijawahi kusikia mtu akisema, huyu ni mkejeli wangu.

Watanzania wanalijua hili vizuri kutuzidi. Mtani wa huko, tuseme Mnyamwezi kwa Mzaramo, anaweza kufanya masihara hata matangani, watu wakiwa bado wanalia. Lakini mtani huyo huyo pia ana kazi za kufanya msibani. Uhuru wa ulimi wake umelipiwa kwa jasho. Mwaka 1940, Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu utani, akasema kuna wa pande zote mbili, na kuna ule ambao mmoja anatania na mwenzake anapaswa kuvumilia tu. Niliisoma nikiwa chuo. Huo wa pili ndio unaonipa shida. Anayevumilia kwa sababu mila imempa nafasi yake ni mmoja. Anayevumilia kwa sababu hana pa kujibia ni mwingine, na usoni wote wawili wanatabasamu.

Mchongoano wetu nao una sheria, ingawa hakuna aliyeiandika: chumvi iwe nyingi hadi pasiwe na wa kuamini. Niambie nyumba yetu ni ndogo mpaka panya hutembea wameinama. Nitacheka, halafu nitakurudishia yako. Sasa rudi kwenye sahani yangu. Mwaka 2011 picha za njaa kutoka Turkana zilijaa kwenye runinga, Wakenya wakachanga pesa kupitia Kenyans for Kenya. Mwaka 2022 ukame ukabisha hodi tena. Yule mama hakusikia chumvi. Alisikia habari.

Wako watakaosema, basi tufunge mdomo, vichekesho vimekwisha. Sikubali. Redykyulass walimwigiza Moi akiwa bado Ikulu. Ile haikuwa utani, ilikuwa kejeli, na ninaitetea: rais alikuwa na kila njia ya kuwajibu. Kejeli ikimpanda mkubwa humrudisha kwenye kimo cha binadamu. Ikimshukia mwenye njaa, inamrudisha wapi?

Sisi wenyewe tuna utani wenye meno. Mtu akipanda gari kuelekea Kitale tunamuuliza, "Unaenda Kenya?" Tunacheka, lakini ndani yake kuna historia: mkoloni aliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, akawaleta kina Kenyatta wafungwe Lokitaung kwa kuwa ni mbali na kila kitu. Tunapouliza hivyo, tunaidai serikali. Chuoni, mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya darasa, "Kwani ulikuja Kenya lini?" Utani ni ule ule, ila umegeuzwa. Darasa zima lilikuwa upande wake, na sikuwa na cha kumrudishia. Nikacheka. Nadhani siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba nikijicheka mapema, wengine hawataniumiza sana. Baadaye nikagundua kuna mtu wa kununua kicheko hicho. Ila sikujicheka peke yangu. Niliuza na wa nyumbani.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Hawakusema kidonda kitakuwa cha nani.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye ile hoteli nikamwambia yule mama kwamba maneno yale niliyaandika mimi. Alinitazama, hakucheka. Akaingia jikoni, akarudi na ugali na maharagwe, sahani imejaa hadi ukingoni. Akaiweka mbele yangu, akasimama palepale, mikono kiunoni.

"Haya," akasema. "Msalimie."