Kupima Ubora wa Sanamu Zinazotembea na Kulia

Sanamu ya sauti hupimwa kwanza kwa sikio. Makarai, spoki za baiskeli na mabomba yanayonunuliwa katika masoko ya Gikomba au Kamukunji yana mvuto wake kwa macho, na msanii mvivu huishia hapo. Nairobi imezoea sanaa ya skrapu: Cyrus Kabiru alijipatia jina kwa miwani yake ya C-Stunners, na kituo cha sanaa cha Kuona, kilichoanzishwa 1995 na baadaye kuhamia Kilimani, kimelea wasanii wengi wa vyuma. Kuokota pekee si sifa tena.

Kinachofichua ustadi ni mahali chombo kiliposhikiliwa. Bomba likigongwa hutetemeka lote isipokuwa sehemu mbili, kila moja ikiwa takriban asilimia 22 ya urefu kutoka mwisho wake. Likitundikwa hapo, huvuma kwa muda mrefu. Likifungwa kwa nguvu mwishoni, mlio hufa mara moja. Karai nalo hulia vizuri likining'inizwa kwa katikati ya kitako, mdomo ukiwa huru. Mdomo ukibanwa kwa bolti, hutoa "kob!" tu. Fundi asiyejua hilo huongeza makarai.

Kwa kuendesha nyundo zinazogonga vyombo hivyo, mota ya waipa ya gari, ya volti 12, hupendwa kwa sababu huzunguka polepole kwa nguvu. Gia zake hunguruma, na ngurumo ikifunika mlio wa chombo, kazi imeharibika. Mdundo pia usijirudie upesi. Mnyororo mmoja ukizungusha gia za meno 17 na 19, kila moja ikisukuma nyundo yake, mpangilio hurudi mwanzo baada ya pingili 323, na msikilizaji hana nafasi ya kuukariri.

Uimara nao hupimwa. Mwaka 1960 msanii Jean Tinguely aliuacha mtambo wake ujivunje katika bustani ya jumba la sanaa la MoMA, New York. Huko kuvunjika ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Katika maonyesho ya wiki kadhaa, nyundo iliyolegea na vumbi la chuma chini ya beringi ni uzembe tu.

Kisha kuna chumba. Nairobi Gallery, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, imo katika jengo la mawe la 1913, na kuta ngumu hurudisha sauti. Kazi iliyopendeza katika karakana ya mabati inaweza kugeuka kelele humo, hivyo mnunuzi aisikilize palepale itakapokaa, kwanza akiwa mlangoni, kisha karibu. Swichi ya kuizima iwe mahali mlinzi anapoifikia. Yeye ndiye atakayeisikia kutwa nzima.